Lambert Numbi na Alhamisi Zake

Wachungaji wetu, wazee mliotoka Kapolowe, majirani wa Kikula, walimu na wafanyakazi wa chuo, na ninyi nyote mlioacha shughuli zenu leo Jumamosi tarehe 14 Machi 1998 kuja kumsindikiza ndugu yetu, familia imempa Damas, mdogo wake marehemu, kazi ya kuwasomea maisha yake, naye ndiye huyu aliyesimama mbele yenu, ameyaandika kwa mkono wake kwa siku mbili, na anaomba mmvumilie kwa sababu mwandiko wake ni mbaya. Wengi wenu mmekuwa mkisema miaka hii mitano kwamba Lambert aliwaacha mke wake na watoto wake waende peke yao kwa sababu alipenda filamu kuliko watu, na sisi wa nyumbani tuliwasikia tukanyamaza, wengine wetu tukaitikia kwa kichwa. Karatasi hii inasomwa kwanza kabisa ili neno hilo linyooshwe kabla udongo haujamfunika.

Lambert Numbi alizaliwa tarehe 3 Mei 1948 kwenye misheni ya Kapolowe, mtoto wa kwanza wa Athanase Numbi, seremala wa mapadri, na Clotilde, mkulima wa muhogo na karanga, ambao wote wawili wametangulia. Alikuwa mtoto mkimya, na mama yetu alizoea kusema kwamba alichelewa kusema lakini hakuchelewa kuangalia, maana ukimtuma maji alirudi na ndoo tupu na habari kamili ya kila aliyepita njiani, nguo aliyovaa na mguu uliokuwa ukimchechemesha.

Alisoma shule ya msingi hapo hapo misheni kuanzia mwaka 1954 hadi 1960, na ni huko alikoona filamu kwa mara ya kwanza, kwa sababu kila mwezi padri mmoja alitundika shuka kati ya nguzo mbili na kuonyesha picha, na watoto wote tulipokuwa tukigombea kukaa mbele, yeye alikaa nyuma karibu na mashine, akiangalia mkanda unavyopita, ndipo tukamwita mutoto wa mashine, jina ambalo halikumkera hata kidogo. Sekondari aliisoma Jadotville, kama Likasi ilivyoitwa wakati ule, kuanzia 1960 hadi 1967, mwaka mmoja zaidi ya wengine kwa sababu ya vita, na mwezi wa Septemba 1969 mapadri walimtafutia nafasi katika shule ya filamu huko Liège, Ubelgiji, akakaa miaka mitatu akiwa mtu wetu pekee katika darasa lake. Barua zake za wakati ule tunazo, anasema kwamba huko mtu anaweza kumaliza wiki nzima bila kusalimiwa, kwamba amejifunza kukata filamu na kuiunganisha ndani ya chumba kisicho na dirisha, na kwamba watu waliomo kwenye mkanda ndio wanaomzungumzisha. Filamu yake ya kumaliza masomo ilikuwa ya dakika tisa, ya bibi mmoja aliyesimama kituoni akingoja basi, na walimu walipomuuliza maana yake ni nini, aliwajibu kwamba maana yake ni kuwa anangoja. Walimpa diploma hata hivyo.

Alirudi nchini Julai 1972, na tarehe 1 Februari 1973 aliajiriwa na chuo hapa Likasi kufungua Kituo cha Filamu, ambacho kilikuwa chumba kimoja chenye sakafu ya saruji, mashine moja ya milimita kumi na sita na kabati la mikanda, na tangu mwezi ule akaanzisha ciné-club, klabu ya kuangalia filamu, kila Alhamisi saa kumi na moja jioni, siku ya ine kama tunavyosema huku, mlango ukiwa wazi kwa mwanafunzi, kwa mfanyakazi wa kiwanda na kwa mama wa sokoni bila kubagua. Mliokuwa mkienda mnaijua sheria yake, kwamba filamu haikuhesabiwa kuwa imekwisha mpaka izungumzwe, taa iliwashwa, Lambert akasimama kando ya mashine na kuuliza, « Basi, nani aliona nini? », na ilikatazwa kusema filamu ni nzuri au ni mbaya, ulitakiwa useme kile ulichokiona kwa macho yako, mkono, mlango, kiatu. Mzee Amuri, mfanyabiashara wa vitambaa hapa Kikula, ambaye wazazi wake walitoka Kasongo, alikuja kila wiki na ndiye aliyekuwa na maneno kuliko wote, siku moja alizungumzia birika lililokuwa nyuma ya mtu fulani mpaka watu wakaanza kusinzia, naye yuko hapa, anatabasamu, anajua hatumsingizii.

Ndoa yake nayo ilitoka humo humo, kwa kosa. Alhamisi moja ya Oktoba 1975 ilionyeshwa filamu ya bobine nne, ndiyo mikanda inayofuatana, na Lambert, aliyekuwa na homa siku ile, aliweka bobine ya tatu mbele ya ile ya pili, hivyo mtu mmoja akazikwa mbele yetu, na baadaye kidogo tukamwona anakunywa bia na kucheka. Taa ilipowashwa hakuna aliyeshtuka, mjadala ukachukua zaidi ya saa moja, Mzee Amuri akasema ule ni moyo wa marehemu unaozunguka, mwalimu mmoja wa falsafa akasema ni kumbukumbu ya mjane, wote wakastaajabia akili ya waliotengeneza filamu, mpaka mwanafunzi mmoja wa uuguzi aliyekaa karibu na mlango akainuka na kusema kwa utaratibu, « Ule muntu hakufufuka, ba papa, ni bobine ya tatu njo mulitia mbele ya ya pili. » Lambert alitazama makopo ya mikanda, akaona ni kweli, akacheka mpaka akakaa chini, na alituambia baadaye kwamba katika ukumbi mzima ni yule msichana peke yake aliyekuwa ameona.

Huyo ndiye Emérance Ngalula, aliyezaliwa hapa hapa Likasi mwaka 1954, ambaye baba yake alikuja kutoka Kasai kufanya kazi ya reli kabla wengi wetu hatujazaliwa, na yeye mwenyewe Kasai alikuwa hajaiona hata kwa safari ya siku moja. Walifunga ndoa Jumamosi tarehe 17 Aprili 1976, wakajaliwa watoto wawili, Glodie aliyezaliwa tarehe 9 Januari 1978 na Jeancy aliyezaliwa tarehe 22 Agosti 1982. Emérance ndiye aliyeshona pazia la kuonyeshea kwa mashuka matatu, na nyumba yao ilikuwa na saa yake ambayo sisi wengine ilitubidi kujifunza, maana bobine moja kwao ilikuwa kama nusu saa, maharage yalitaka bobine tatu, kwenda sokoni na kurudi bobine mbili, na mahubiri ya kanisa la Damas, walisema, bobine tano na mashine haina kizimio. Waliishi vizuri, inafaa kusemwa hivyo bila kupamba.

Miaka ya tisini ilipofika mnajua wenyewe jinsi mji ulivyoanza kulegea, filamu zilizokuwa zikitumwa kwa mkopo hazikuja tena, umeme ukawa wa kubahatisha, na katika uporaji wa Oktoba 1991 viti vyote vya kituo vilibebwa, mikanda ikaachwa kwa sababu hailiki, basi watu wakawa wanakuja na vigoda vyao kutoka nyumbani. Kisha kuanzia Agosti 1992 yakaanza maneno juu ya watu wa asili ya Kasai, kwamba waende kwao, na waliokuwa wakiyasema mitaani na baadaye kuyatenda walikuwa vijana wetu, wengine wao wa ukoo huu huu, tusijifiche. Ukumbi wa Alhamisi ulipungua kigoda kwa kigoda. Emérance aliambiwa asirudi kwenye zahanati alikofanya kazi miaka kumi na minne, mawe yakaanza kuanguka juu ya bati, na tarehe 28 Aprili 1993 walihamia kwenye kituo cha gari la moshi pamoja na maelfu ya wengine waliokuwa wakingoja treni.

Sasa sikilizeni vizuri, kwa sababu hapa ndipo mlipokosea. Lambert alikwenda nao. Hakuna aliyekuwa akimfukuza, yeye ni mtu wa Kapolowe baba na mama, lakini alilala kituoni na mke wake na watoto wake majuma saba, chini ya kipande cha plastiki, akipanga foleni ya maji kama wengine, na mama yetu alipotoka Kapolowe kuja kumvuta kwa shati, alimjibu kwa heshima kwamba mke wake anakokwenda ndiko na yeye anakokwenda. Alhamisi tarehe 17 Juni 1993, asubuhi, alitia mkono mfukoni akakuta funguo za Kituo cha Filamu, na yule kaka yetu, aliyekitumikia chuo miaka ishirini na ambaye hakuwahi kuchukua hata kalamu ya ofisi, aliona haiwezekani mtu asafiri na funguo za serikali. Alimwambia Emérance, « Minye naenda kurudisha ma-clé ku bureau, bobine mbili tu, niko hapa. »

Chuoni hakukuta mtu wa kuzipokea, katibu hakuwepo, msaidizi wake hakuwepo, akakaa kwenye benchi akingoja mtu wa kumsainia, na ndani ya muda huo treni ambayo haikuwa imekuja kwa majuma saba ikaja. Walioona walisimulia kwamba Emérance alikataa kupanda, aliwaambia watu mume wake amebakiza bobine moja, na watu hawakuelewa anasema nini, wakadhani amechanganyikiwa, msongamano ukamwinua pamoja na watoto ukawaingiza ndani. Lambert aliporudi alikuta sufuria yao bado iko juu ya mafiga, na funguo bado ziko mfukoni mwake.

Mwezi wa Agosti mwaka ule alipanda juu ya behewa la mizigo hadi Kamina, siku tatu, akauliza kwa kila mtu, akaambiwa kwamba wapo waliofika na wapo waliozikwa kando ya reli na hakuna aliyeandika majina, akageuka na kurudi kwa sababu moja tu, aliogopa kwamba Emérance atatuma neno Likasi wakati yeye hayupo. Aliandika barua na kuwapa madereva wa malori, moja baada ya nyingine, na kwa kadiri alivyojua yeye, hakuna iliyojibiwa. Ndipo akaamua, na maneno haya alimwambia Mzee Amuri ambaye ametupa ruhusa kuyasema, kwamba nyumba yao ya Kikula inaweza kuchukuliwa na watu, yeye mwenyewe anaweza kuhamishwa, lakini kuna mahali pamoja na saa moja ambayo mke wake na watoto wake hawawezi kuikosea, nayo ni Alhamisi saa kumi na moja kwenye Kituo cha Filamu, na yeyote watakayemtuma atamkuta hapo. Hiyo ndiyo sababu ya zile Alhamisi, nyinyi mliokuwa mkipita dirishani na kusema mzee huyo ameoa mashine.

Mshahara ulipokatika kabisa mwaka 1994 alikwenda kuvunja mawe ya chokaa Kakontwe, siku zote za kazi, ila Alhamisi aliondoka machimboni adhuhuri, akaoga, akavaa shati jeupe na kufungua mlango. Mikanda iliyobaki ilikuwa inanuka siki kwa kuharibika, na mmoja tu ulikuwa bado unapita vizuri kwenye mashine, filamu ya kufundisha watu kutengeneza jibini, katika mji ambao jibini wengi hatujawahi kuionja, aliionyesha miaka miwili. Taa ya mashine ilipoungua Aprili 1996 aliendelea kuuendesha mkanda gizani, sauti bila picha, yule bwana wa jibini akizungumza Kifaransa chake kizuri na pazia halina kitu, na mwisho Lambert alifungua dirisha na kuuliza swali lake kama kawaida. Mzee Amuri anasema siku ile walikuwa wawili, naye alimjibu kwa sheria ya ukumbi, « Minye niliona giza, Papa Lambert », na Lambert akamshukuru, akamwuliza giza la rangi gani. Alhamisi nyingine hata Mzee Amuri hakuja. Aliuliza hata hivyo, tumeambiwa na mlinzi wa chuo, na alingoja muda wa haki kabla ya kufunga.

Ugonjwa wake ulianza katikati ya mwaka 1997 kwa kikohozi ambacho alikiita vumbi la Kakontwe, akakonda, akaanza kutema damu, na tarehe 2 Februari 1998 alilazwa hospitalini hapa Likasi, ambako alitunzwa kwa upole mpaka mwisho. Alhamisi tano alizokaa humo aliwaomba wauguzi, jioni ikifika, wamkalishe kwenye kiti na kumwelekeza mlangoni. Alifariki Jumatano tarehe 11 Machi 1998 saa kumi na mbili asubuhi, akiwa na miaka arobaini na tisa na miezi kumi.

Desturi ingetaka tuingie sasa kwenye shukrani, lakini kuna kitu ambacho familia haikukubaliana kiandikwe, na Damas amekiandika. Tarehe 19 Agosti 1995 dereva mmoja wa lori alishusha barua Kapolowe, mikononi mwa mama yetu, ilitoka kwa Emérance, ambaye alikuwa amesikia kwamba nyumba za watu wake huku Kikula zimechukuliwa, akaona heri aitume kwa mama mkwe wake. Mama hakujua kusoma, Damas alimsomea. Mama akasema, « Ukimupa ile barua, atakwenda, na kule batamuua juu ya mambo bantu ba huku balifanya. Minye sina mutoto wa kutupa. » Alikuwa na hofu ya kweli, na pia, tuseme yote, alikuwa ameshamtafutia mwanamke wa nyumbani. Damas alikubali.

Oktoba mwaka ule ule moyo ulimsuta, akaja Likasi siku ya Alhamisi na barua ndani ya mfuko wa shati, akaingia, akakaa, wakaangalia jibini wao wawili tu. Taa ilipowashwa kaka yake alifurahi sana kumwona, alifuta kigoda kwa leso, akamwuliza aliona nini, na Damas akasema hakuona kitu, akaaga na kurudi Kapolowe na barua yake. Mama alifariki tarehe 8 Novemba 1996, na tangu siku ile hakuna aliyemzuia Damas isipokuwa Damas, maana ukishaficha kitu mwaka mzima kukitoa kunakuwa kugumu kuliko kukificha, na hata hospitalini, kaka yake akiwa ameelekea mlangoni, alikaa kando yake akamenya chungwa na hakusema.

Barua yenyewe inasema hivi: « Lambert, tulifika Mwene-Ditu, wote batatu. Jeancy aligonjwa sana mu njia lakini alipona. Glodie anasoma. Minye natumika mu dispensaire ya masista, kila muntu anaijua. Sikukasirika juu ya siku ile, najua haukunikimbia. Kama ungali wangu, kuya. Kama uliisha kupata mwingine, si kitu, lakini tuma neno, niache kukungoya. »

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia Lambert bila kuchoka, majirani wa Kikula mliompelekea uji na kumfulia mashuka, chuo na wafanyakazi wenzake waliotengeneza sanduku kwa mbao za kabati la mikanda, vijana wa Kakontwe waliochimba kaburi tangu alfajiri, na Mzee Amuri, ambaye alikuwa ndugu pale ambapo sisi hatukuwa. Tunawashukuru masista wa Kapolowe waliokubali kupeleka habari ya msiba kwa fonia, redio yao ya mawasiliano, mpaka Mwene-Ditu, na wakampata, jana saa nne asubuhi, na sista wa fonia anasema Mama Emérance hakuuliza alikufa kwa ugonjwa gani wala atazikwa wapi, aliuliza neno moja tu, « Barua yangu alipata? » Fonia inafunguliwa tena Jumatatu, anangoja jibu, na Damas atakwenda kumjibu yeye mwenyewe, kwa mdomo wake, hapana.

Yaya Lambert, kaka yetu mkubwa, pumzika kwa amani ile ambayo sisi ndugu zako tulikunyima.